Mwana Kupona Alikuwa Mgonjwa na Hakuna Aliyetuambia

Wasee, leo tunaongea historia. Tena historia ya mashairi, na najua nusu yenu mshaanza kutafuta mlango. Kaeni kidogo.

Fomu tatu, shule moja ya bweni huku Machakos. Mwalimu wa Kiswahili anaandika ubaoni mfano wa utenzi: Utendi wa Mwana Kupona, 1858, Lamu. Maudhui: wosia wa mama kwa binti kuhusu ndoa. Tunanakili, tunafunga daftari, kengele inalia. Kwa kichwa changu Mwana Kupona akabaki yule mama mkali wa kuambia wasichana wamtii bwana. Wasichana wa darasa letu walimkasirikia siku hiyo hiyo na sikuwalaumu.

Hakuna aliyetuambia kwamba alikuwa mgonjwa. Nilikuja kujua miaka minne baadaye, tena wodini.

Wengi wenu mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Kuna wenye wanadhani ni hizi video zilinipotosha. Hapana. Susu yangu wa Kalama, mwenye alinilea, alipatikana na saratani ya koo, na pesa yangu ya mkopo wa chuo ikageuka nauli, vipimo na dawa. Hakuna aliyenilazimisha. Kwetu, upande ule wa Kola, ng'ombe wa mwisho hauzwi wakati kuna mjukuu ana pesa kwa simu. Nikawa mimi ndiye wa kukaa naye Nairobi, kwa wodi yenye vitanda vimebanana mpaka unajua mgonjwa wa jirani ameota nini.

Kitu chenye nilichukia kule, kuliko hata harufu, ni neno moja: utapona. Kila mgeni alikuja nalo. Watu wa kanisa, majirani, shemeji wa mbali mwenye alibeba ndizi tatu. "Utapona tu, mama." Wanasema, wanaangalia saa, wanaenda. Susu anabaki akiangalia ukuta. Aliniambia siku moja kwa Kikamba, kwa ile sauti ya kukwaruza, kwamba watu wanamwambia atapona ndio wasilazimike kukaa. Susu hakuwa mtu wa kuzungusha maneno.

Kitanda cha pili kutoka chake kulikuwa na bibi mmoja wa Lamu na mjukuu wake wa kike, rika langu. Siku ya kwanza yule msichana alipita akamsalimia susu, "Shikamoo bibi," na susu, mwenye Kiswahili chake ni cha soko la Machakos, akajibu "Marahaba" kama mwalimu mkuu. Tukazoeana. Jioni, wageni wakishaondoka, msichana alikuwa anamkalia bibi yake kitandani na kumsomea mashairi kutoka kichwani. Sikuelewa hata nusu, ni Kiamu cha zamani. Lakini nilisikia kitu. Msichana alikuwa anakosea, na bibi, mwenye hakuwa amekula kitu kigumu kwa wiki mbili, alikuwa anainua kidole na kumrekebisha. Neno likikaa vibaya, kidole juu. Msichana anarudia ubeti. Bibi anafumba macho, ameridhika.

Nikauliza hiyo ni nini. "Mwana Kupona," akaniambia. Nikasema aah, yule wa kutii bwana. Akanitazama vibaya sana, kisha akaniuliza kama najua mwenyewe alikuwa katika hali gani alipoutunga. Manze, nilinyamaza.

Sasa hapa ndipo historia inaanza.

Mwana Kupona binti Msham alizaliwa kisiwa cha Pate, hapo karibu na Lamu. Aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, mji wa kisiwa hicho hicho. Huyu Bwana Mataka hakuwa mtu mdogo. Siyu ndio ule mji ulimsumbua Sultani Seyyid Said wa Zanzibar, na katika miaka ya 1840 jeshi la Sultani lilienda kule likarudi limepigwa. Mwana Kupona aliishi ndani ya hayo yote. Mume akafariki 1856. Yeye akabaki mjane na watoto wawili, mvulana na msichana. Msichana ndiye Mwana Hashima. Miaka miwili baadaye, 1858, mama anatunga utendi wa beti zaidi ya mia, na mwanzoni tu anamwambia binti yake hali ilivyo: ameshikwa na maradhi mwaka mzima na hajapata nafasi ya kumpa wosia wake. Sasa asogee karibu, alete wino na karatasi.

Rudia hapo. Mgonjwa wa mwaka mzima. Hasemi niletee maji. Anasema niletee wino.

Halafu inakuja sehemu yenye ilinimaliza. Baada ya kulitaja jina la Mungu, anamwambia binti kwamba anampa hirizi, aifunge vizuri na aitunze. Pia anataka kumtengenezea pambo la shingoni, la lulu na marijani. Hirizi ni nini? Ni kinga. Kwa kawaida ni maandishi matakatifu yenye yamekunjwa na kushonewa ndani ya ngozi, na mwenye kuvaa ni mgonjwa, mtoto mchanga, msafiri, mtu yuko kwa hatari. Hapa mambo yamegeuka. Mwenye anaumwa ndiye anashona hirizi, na anamvalisha mwenye afya. Hirizi yenyewe ni shairi, na pambo ni shairi hilo hilo.

Ndiyo, kati kati kuna ile habari ya mume na utiifu. Iko, sitaificha, na sitawaambia mkubaliane nayo. Ni dunia ya mabwana wa Lamu na Pate miaka ya 1850, dunia iliyokuwa na watumwa ndani ya nyumba, na utendi wenyewe unawataja watumwa. Wasomi wamebishana sana kama mama alimaanisha kila neno ama alikuwa anamfundisha binti yatima wa baba jinsi ya kuishi katika nyumba ambayo hana nguvu nyingine. Bishaneni. Shida yangu ni kwamba tumesoma katikati peke yake, tukaacha mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea.

Mwishoni anamgeukia Mungu. Anawaombea watoto wake, anawaombea ndugu, kisha anajiombea mwenyewe, aondolewe ugonjwa. Haombi kama mtu mwenye ameshajua jibu. Anaomba kama mtu anataka kuishi. Halafu anawaalika wanawake wengine wausome utendi. Miaka michache baadaye akafariki.

Kwa hivyo mwanamke mwenye jina lake lina neno "kupona" aliomba apone, hakuishi muda mrefu, na shairi lake la ugonjwa likapita mkono kwa mkono. Wanawake wa Lamu walilinakili kwa herufi za Kiarabu, wakalihifadhi kichwani, wakafundisha mabinti. Mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens walilichapisha kitabu, na kichwa cha kitabu chao cha Kiingereza kilihusu wajibu wa mke. Ukijiuliza ile habari ya ubaoni ilitoka wapi, anza kuulizia hapo.

Nilipotoka ile wodi nilianza kusoma kila kitu ningepata kwa simu. Mtu aliyeacha chuo ana muda, wacha niwaambie. Nikagundua kwamba Mwana Kupona hakutoka hewani. Siyu ya bwana wake ilikuwa mji wa mafundi. Walichonga milango, walitengeneza viatu vya ngozi, na zaidi ya yote walinakili Qur'ani kwa mkono. Zile Qur'ani za Siyu za karne ya 18 na 19 zipo mpaka leo, na ukiona picha zake utashangaa: wino mweusi, mwekundu na wa manjano, pembeni maua na misuko ya kijiometri. Ukitazama vizuri unaona subira. Mtu alikaa miezi na kalamu ya tete, herufi baada ya herufi.

Mikono kama hiyo ilikuwa na kazi nyingine pia, na hapa naingia mahali penye ubishi. Inaitwa kombe. Mwalimu anachukua sahani nyeupe, zafarani iliyolowekwa kwa maji ya waridi, anaandika aya za Qur'ani kwenye sahani mpaka ijae. Kisha maandishi yanaoshwa kwa maji na mgonjwa anakunywa yale maji. Kazi yote ile ya mkono inafutika, inaingia mwilini. Kuna wenye bado wanafanya Zanzibar na pwani yetu, na kuna Waislamu wengi wenye wanapinga, wanasema si katika mafunzo. Huo ni mjadala wao na mimi si Mwislamu, sitajifanya mufti. Na kabla mtu hajaniandikia ujumbe wa hasira: hapana, sisemi uache kemo unywe zafarani. Susu alipata kemo mpaka daktari mwenyewe akasema basi.

Ninachotaka uone ni ile dakika kabla ya kunywa. Wewe ni mgonjwa. Wiki nzima watu wamekuambia utapona wakiwa mlangoni. Halafu mtu mmoja anakaa chini mbele yako, hana haraka, anaandika kitu kizuri kwa wino wa dhahabu-dhahabu, kwa ajili yako peke yako. Huwezi kuandika kombe ukikimbia. Hata mwenye haamini dawa iko ndani ya yale maji atakubali kwamba kuna kitu kimetokea hapo kati ya watu wawili.

Hata nyumba zenyewe zilijengwa na wazo hilo. Zile nyumba za mawe za Lamu na Pate, chumba cha ndani kabisa ndipo mama alijifungulia, na ndipo maiti iliandaliwa kabla ya kutolewa. Na upande huo wa ndani ndipo fundi alimwaga ufundi wake wote, ukuta mzima wa zidaka, vile vishubaka vya chokaa iliyochongwa, vingine vikiwekwa sahani za kauri kutoka Uchina. Fikiria hospitali zetu. Sehemu nzuri ni mapokezi, pale wenye afya wanalipa. Unavyozidi kwenda kwa wagonjwa ndivyo rangi inavyobambuka. Wale walifanya kinyume.

Na si pwani peke yake. Shairi ambalo labda ndilo limesomwa zaidi kwa wagonjwa katika ulimwengu wa Kiislamu lilitungwa na mgonjwa pia, Al-Busiri wa Misri, karne ya 13. Alipooza upande mmoja wa mwili. Akatunga kasida ya kumsifu Mtume, akalala, akaota Mtume amemfunika kwa joho lake, na masimulizi yanasema aliamka akatembea. Kasida hiyo inaitwa Burda, yaani joho, na pwani wanaijua sana, mpaka ilitafsiriwa kwa Kiswahili zamani. Ona mfanano: yeye pia hakungoja apone ndio afanye kazi.

Cairo, Sultani Qalawun alijenga hospitali kubwa miaka ya 1280. Inasimuliwa kwamba kabla hajatawala aliwahi kuugua akiwa Damascus, akatibiwa kwa dawa za hospitali ya Nur al-Din ya mji huo, akaweka nadhiri kwamba akipata ufalme atajenga yake. Aliijenga na ua, maji ya kutiririka na mapambo kama kasri. Edirne, Uturuki, hospitali ya Sultani Bayezid II ilikamilika 1488, na katikati ya ukumbi wake kuna chemchemi chini ya kuba. Msafiri Evliya Çelebi aliandika katika karne ya 17 kwamba kulikuwa na wanamuziki 10 wa kuwapigia wagonjwa mara tatu kwa wiki. Mara tatu kwa wiki, jo! Sisi wodini tulikuwa na televisheni moja iliyokwama kwa bunge.

Sawa, nirudi nyumbani, kwa sababu kuna mtu ataniuliza Mkamba wa Kalama anatafuta nini kwa mambo ya Waislamu wa Lamu. Swali fiti. Jibu la kwanza: wakati Mwana Kupona anatunga, misafara ya Akamba ilikuwa tayari inashusha pembe za ndovu Mombasa, kwa hivyo pwani na sisi tumejuana kitambo kuliko reli. Jibu la pili ni zito zaidi. Yale niliyosoma yalinifanya nimuulize susu kitu chenye sikuwahi kumuuliza.

Tulikuwa tumerudi Kalama, maana hospitali ilikuwa imefika mwisho wake. Nilimkalia kitandani, kama yule msichana wa Lamu, nikafungua daftari la chuo lenye lilikuwa limeandikwa kurasa sita tu za uchumi. Nikamwambia, "Susu, sema, mimi naandika." Akaniuliza niandike nini. Nikamwambia chochote chenye hakijaandikwa.

Nilitarajia wosia. Maneno makubwa ya maisha, unajua, ya kuweka kwa video na muziki wa polepole. Susu akaanza na madeni. Nani alichukua debe la mahindi mwaka wa kiangazi. Nani hajarudisha pesa ya mwethya. Mwethya, kwa wenye hamjui, ni kile kikundi cha akina mama cha kulimiana na kuchimbiana matuta, na susu alikuwa ameweka hesabu yake kichwani kwa miaka. Akaenda kwa mpaka wa shamba, jiwe kwa jiwe, mwembe gani ulipandwa na nani. Nilipokosea jina akainua kidole. Nawaapia, kidole kile kile. Nikafuta, nikaandika upya, akafumba macho.

Siku ya tatu akanyamaza kwa muda mrefu, akaniambia nifunge mlango. Kisha akaniimbia, kwa kunong'ona kwa sababu koo lilikuwa limebaki hivyo, wimbo wa kilumi. Kilumi ni ngoma ya akina mama wazee wa Ukambani, ngoma ya matibabu. Mtu akisumbuliwa na aimu, zile roho, wanapigiwa ngoma na kuchezwa mpaka atulie. Kanisa lilipokuja likaiita ushetani, na susu alikuwa mtu wa kanisa miaka hamsini, mshirika wa chama cha akina mama na kitambaa kichwani. Kumbe akiwa msichana mdogo mamake aliugua, wakaja wanawake wa kijiji na ngoma usiku kucha, na yeye alikaa kwenye kona akishika maneno. Hakuwahi kuyasema tena mpaka siku hiyo. Nikamuuliza kama mamake alipona. Akasema hapana, lakini usiku ule hakuogopa.

Hayo maneno sitayaweka hapa. Ni yake, na nimeambiwa niyafundishe nani.

Watu wa kanisa waliendelea kuja, na sitawasema vibaya, kwa sababu mmoja wao aliona lile daftari akauliza ni la nini. Susu akamwambia aketi asomewe madeni. Yule mama akaketi. Ilikuwa mara ya kwanza mgeni amekaa zaidi ya dakika kumi. Alicheka mpaka akalia, akakumbuka la kwake, nikaandika na hilo. Wiki iliyofuata wakaja watatu na muthokoi kwa sufuria, wakiwa na hesabu zao za kubishana na susu. Chumba kikajaa. Susu hakuweza kula ule muthokoi, lakini alibishana na kila mtu, na alishinda nyingi.

Alitutoka mwezi wa sita. Yule msichana wa Lamu nilimtumia ujumbe, akanijibu kwamba bibi yake naye alikuwa ametangulia, na kwamba sasa anajua utendi wote bila kukosea, kwa hivyo hakuna wa kumuinulia kidole na hiyo ndiyo inamuuma zaidi. Nikamwambia kwangu daftari liko kurasa arobaini na moja. Debe la mahindi limerudi, mwenyewe alileta siku ya matanga bila kuulizwa. Kuna jembe moja limeandikwa ukurasa wa pili, mwenye alilichukua yuko hai, anaishi ng'ambo ya mto, na Jumamosi naenda kulichukua.